Boney M kila Desemba: nani alituuliza?

Wakuu, salaam.

Naandika uzi huu nikiwa nimekasirika, na sioni sababu ya kuificha hasira yangu. Tangu Novemba ifike katikati, kila ninapoingia supamaketi, saluni au basi la kwenda Moshi, ninapokelewa na kundi lilelile la Boney M, kwa nyimbo zilezile, kwa sauti ya juu ileile, kana kwamba kuna sheria iliyopitishwa bungeni kwamba Mtanzania hawezi kuiona Krismasi mpaka awe amepitishwa kwanza mikononi mwa kundi la disco la miaka ya 1970 lililotengenezwa Ujerumani Magharibi. Ndani ya basi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu supamaketi unaweza kutoka. Kutoka Mbezi hadi Korogwe flashi huisha na kuanza upya, abiria akaisikiliza albamu nzima ya Krismasi ya mwaka 1981 akiwa amefungwa mkanda, na hakuna mtu aliyemuuliza kama anaipenda.

Nimewahi kumwomba kondakta apunguze sauti. Kabla hajanijibu, abiria wenzangu wakanijibu kwa niaba yake: "Kaka, kila mtu na ladha yake." Jibu hili ndilo lililonisukuma kuandika, maana linatumiwa upande usiostahili. Kama kila mtu ana ladha yake, basi nami ninayo yangu, na anayenilazimisha kusikiliza ladha ya mwingine kwa saa nane hawezi kujikinga kwa kauli hiyohiyo. Anayependa kachumbari yenye pilipili aile kwenye sahani yake.

Sasa niseme kwa nini kundi hili silipendi, ili nisionekane mtu mwenye kinyongo tu. Boney M ilizaliwa kwa namna ambayo ingepaswa kutushtua. Frank Farian, mtayarishaji wa muziki wa Kijerumani, alirekodi wimbo wa kwanza katikati ya miaka ya 1970 kwa sauti yake mwenyewe, akaupachika jina la Boney M, na wimbo ulipoanza kuuzika ndipo akatafuta watu wa kusimama jukwaani. Wakapatikana Liz Mitchell na Marcia Barrett wenye asili ya Jamaika, Maizie Williams wa Montserrat, na Bobby Farrell wa Aruba. Bobby ndiye mnayemkumbuka nyote, yule wa kifua wazi na suruali za kumetameta, aliyejirusha kama mtu aliyepandwa na pepo. Ile sauti nzito ya kiume mnayoiigiza kwenye sherehe haikuwa yake. Ilikuwa ya Farian, aliyekaa studio, na Maizie naye hakuimba kwenye rekodi zile maarufu. Kwa hiyo nusu ya kundi ilikuwa ya kutazamwa. (Liz Mitchell simgusi; yule mama anaimba, na ningependa angepata watayarishaji wenye kumheshimu zaidi.)

Farian huyuhuyu ndiye aliyerudia mchezo huo na Milli Vanilli, kundi la vijana wawili ambao hawakuimba kwenye rekodi zao, mwishoni mwa miaka ya 1980, mpaka mwaka 1990 wale vijana wawili wakanyang'anywa tuzo yao ya Grammy. Dunia ikawacheka vijana, wakati mwenye mpango alikuwa ameshauzoea tangu enzi za Boney M.

Kinachoniuma zaidi ni yale waliyoyafanya kwa nyimbo za watu. "Rivers of Babylon" ni wimbo wa The Melodians wa Jamaika, wa mwaka 1970, uliojengwa juu ya Zaburi ya 137, kilio cha mateka waliotakiwa kuimba mbele ya waliowateka. Marasta wale waliiweka ndani yake imani yao, wakamtaja Mfalme Alfa, yaani Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia wanayemtukuza. Boney M walipouchukua mwaka 1978 walimwondoa Mfalme Alfa, wakaongeza ngoma za disco, na kilio cha mateka kikawa cha kukatia viuno. Mwaka huohuo wakauchukua "Mary's Boy Child", uliotungwa na Jester Hairston na kuimbwa na Harry Belafonte katika miaka ya 1950 kwa utulivu unaofaa kuzaliwa kwa mtoto, wakauchanganya na kibwagizo chao, nao ukauza zaidi ya nakala milioni 1.8 Uingereza peke yake. Najua baadhi yenu mtaniletea hesabu hizo kama ushahidi wa ubora. Mauzo yanathibitisha kwamba watu walinunua, basi.

Na hawakuishia Jamaika, walifika mpaka kwetu. Mwaka 1981 walirekodi "Malaika", wimbo ambao Fadhili William wa Kenya alikuwa ameurekodi zamani na ambao utunzi wake umegombaniwa miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1983 wakauchukua "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, bendi ya Pwani ya Kenya, mwaka mmoja tu baada ya wenyewe kuutoa. Sisemi kurudia wimbo wa mwingine ni dhambi. Belafonte na Miriam Makeba waliimba "Malaika" pamoja, na sijamsikia mtu wa huku akilalamika. Tofauti ni kwamba hawa wawili waliuimba kama watu waliokaa na maneno yake, ilhali Boney M waliupitisha kwenye mashine ileile iliyopitisha kila kitu.

Mwaka 1978, wakati Ulaya inacheza Boney M, Dar es Salaam ilikuwa inaizaa Mlimani Park Orchestra, yenye Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka, na Nairobi Les Wanyika walikuwa wanajitenga na Simba Wanyika ya ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga. Mbaraka Mwinshehe alikuwa bado hai. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Hao wote walipiga vyombo wenyewe, wakaimba kwa koo zao wenyewe. Mtasema hawakuimba Krismasi. Haya, kwaya za Kilutheri na Kikatoliki je? Nchi hii haina uhaba wa nyimbo za Noeli kwa Kiswahili, zenye besi za wanaume wanaojulikana mtaani kwao, na bado flashi ya dereva haina hata mmoja.

Nisieleweke vibaya. Wapo kati yenu mliokua na kanda za baba zenu, na Boney M kwenu ni sebule, ni soda ya Krismasi, ni nguo mpya. Hilo sina ugomvi nalo. Wala simo katika kundi la wale wa Chicago ambao tarehe 12 Julai 1979 walikusanya santuri za disco katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park na kuzilipua, kisha mashabiki wakavamia uwanja na mechi ya pili ya siku hiyo haikuchezwa. Wengi walioliandika tukio lile baadaye waliona kwamba chuki ile ilihusu pia watu weusi na mashoga waliokuwa wakiupiga na kuucheza muziki huo. Sitaki santuri ya mtu ilipuliwe. Nataka izimwe pale nilipolipa nauli.

Kwa hiyo wenye mabasi, kama mnapita humu, ombi langu ni dogo. Wekeni muziki kwa sauti ambayo abiria wawili wanaweza kuongea bila kupigiana kelele, na mkishindwa kabisa kuacha Boney M, walau changanyeni: wimbo wao mmoja, wa kwaya mmoja, wa Mlimani Park mmoja. Na nyinyi mtakaokuja hapa chini kuniambia nina wivu au nimezeeka kabla ya wakati, naomba kwanza mnijibu hili: nauli ya Moshi inajumuisha Boney M kwa kifungu kipi?