Kuitambua stesheni ya treni ya juu kwenye jalada la santuri

Wapendwa, salaam kutoka Worcester, Massachusetts, Marekani. Marehemu mjomba ametuachia santuri zake za soul na jazi. Majalada kadhaa yanaonyesha wanamuziki wamesimama chini ya reli ya juu (iliyoinuliwa juu ya nguzo), stesheni ikiwa nyuma yao, lakini kibao cha jina kimekatwa. Natamani wanangu wafike hapo hapo alipopapenda. Nianzie wapi?

---

Pole sana kwa msiba, dada. Niko Chicago. Stesheni yenyewe iache kwanza, tazama nyumba zilizo kando yake. Reli ya South Side, yaani upande wa kusini wa jiji, ilipojengwa mwaka 1892 ilipitishwa juu ya vichochoro vya jiji, ili kukwepa kuomba ridhaa ya wenye viwanja vinavyoelekea barabara. Kwa hiyo huku treni hupita uani kwa watu: utaona migongo ya nyumba za matofali, ngazi za mbao na baraza moja juu ya nyingine, pengine hata nguo zimeanikwa. Ukiona hivyo, fikiria Chicago kabla ya kwingine. Ila katikati ya jiji, kwenye mzunguko wa Loop, reli iko juu ya barabara kabisa: Lake, Wabash, Van Buren na Wells. Hapo stesheni ya Quincy ya mwaka 1897 ilikarabatiwa ikarudishiwa sura yake ya zamani, na wanao wataipenda.

---

Shikamooni. Mimi wa Bronx naongeza. New York reli hukaa juu ya barabara, na nyumba huielekea kwa uso, zikiwa na ngazi za chuma za kukimbilia moto upande wa mbele. Lakini angalieni miaka, maana hapa ndipo wengi hupotea. Reli ya Sixth Avenue ilifungwa 1938. Ya Third Avenue ilikoma Manhattan tarehe 12 Mei 1955, ila kipande cha Bronx kiliendelea hadi 1973. Jalada la mwaka 1968 linaweza kubeba picha ya zamani zaidi, kwa hiyo tarehe ya santuri isikufunge. Pima kwa magari na mabango ya maduka. Jina la duka likisomeka hata nusu, nenda kwenye picha za kodi za jiji, zilizopigwa kwa ajili ya kukadiria kodi ya majengo, ambako majengo yote yalipigwa picha kati ya 1939 na 1941. Zimo intaneti, bure.

Na kabla ya yote, hakikisha picha haikugeuzwa wakati wa kuchapwa. Herufi zikisomeka kinyume, au magari yakipita kushoto ilhali Marekani hupita kulia, basi imegeuzwa.

---

Ahsanteni mno. Moja lina ngazi za chuma mbele. Jingine lina neno “Dudley” dogo kwenye kioo cha duka!

---

Dada, hiyo huenda ni ya jirani zako wa Boston! Reli ya juu ya Washington Street ilifungwa 1987 ikabomolewa, lakini jengo la stesheni ya Dudley lilihifadhiwa, likawa sehemu ya kituo cha mabasi kinachoitwa Nubian tangu 2020. Panda treni ya Worcester hadi South Station, kisha chukua basi la Silver Line SL4 mpaka mwisho. Nendeni na jalada mkononi, mlinganishe paa.