Mabaka ya uso kwa tunaolima mwani: jua la Kaskazi tulikabili vipi?

Mkulima wa mwani, Kiuyu, Pemba:

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mkulima wa mwani katika Wilaya ya Micheweni, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili wa kushuka pwani. Tangu Kaskazi, msimu wetu wa joto, ilipoanza, mashavu yangu na paji la uso vimeota mabaka ya rangi ya kahawa ambayo hayawashi wala hayaumi, lakini kila bamvua, yaani siku za maji makubwa, likipita huwa yamezidi kukolea. Migongo ya mikono nayo imekauka hadi inapasuka.

Nimesoma ushauri mwingi kuhusu kutunza ngozi wakati wa joto, na karibu wote huanza kwa kuniambia nisikae juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Mimi ushauri huo sina namna ya kuufuata. Mlimaji wa mwani hapangi saa zake, hupangiwa na bahari, na sote tuliokulia visiwani tunajua kwamba wakati wa bamvua maji hukupwa kabisa baina ya saa nne na saa sita za mchana. Nikingoja jua lipoe, nitakuta maji yamekwisha kujaa na kamba zangu zimezama.

Jirani yangu ananisihi nipake krimu aliyoinunua sokoni, ambayo kopo lake halikuandikwa vitu vilivyomo, naye anasema mabaka yatafutika kwa wiki mbili. Mwingine anasema ndimu inatosha. Naomba mnieleze, mtu asiyeweza kulikimbia jua afanye nini? Je, krimu za kukinga jua zina faida yoyote kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, au zilitengenezwa kwa ajili ya watalii tu? Na nikiipaka krimu hiyo, udhu wangu utakuwaje?

Mfamasia, Chake Chake:

Wa aleikum salaam, dada yangu. Sijakuona kwa macho, kwa hiyo maneno yangu usiyafanye badala ya kupimwa, lakini unayoyaeleza yanafanana sana na hali ambayo madaktari huiita melasma. Huwapata zaidi wanawake, hasa wakati wa ujauzito au wanapotumia vidonge vya uzazi wa mpango, na jua ndilo linaloikoleza. Kama unatumia vidonge hivyo, mwambie mhudumu wa afya, kwani huenda akakushauri njia nyingine.

Weusi wetu ni kinga, lakini ni kinga yenye mpaka. Melanini, yaani rangi inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, huizuia ngozi isiungue upesi, ila chembe zinazoitengeneza ndizo hizo hizo zinazochokozwa na jua hadi zikamwaga rangi kupita kiasi mahali pamoja, na ndiyo maana mabaka ya namna hii huwasumbua sana watu wa rangi yetu. Krimu ya kukinga jua, basi, si ya watalii peke yao. Pemba iko kiasi cha nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi, na katika miezi yote iliyo baina ya hapo haliendi mbali. Katika kipimo cha mionzi ya urujuanimno kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, namba 11 na kuendelea huhesabiwa kuwa hatari ya kupindukia, na mchana wa Kaskazi huku kwetu hufika huko.

Kwa kuwa huwezi kuibadili saa, ngozi yako uifunike, na hapa naomba unisome kwa makini kwa sababu wengi hukosea. Kofia ya pama ni nzuri, lakini haitoshi kwa mtu aliyeinama pwani. Mchanga mkavu hurudisha juu kiasi cha asilimia 15 ya mionzi hiyo na povu la bahari kiasi cha asilimia 25, kwa hiyo uso wako unapigwa kutoka chini pia. Unahitaji mtandio uzunguke mashavu na pua, nao uwe wa kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, cha rangi iliyokolea. Kanga kuukuu iliyorowa maji ya bahari huonekana kama imekufunika, ilhali pamba nyepesi ikilowa hupitisha mionzi zaidi kuliko ikiwa kavu. Chukua mtandio wa pili, uuweke mahali pakavu, uubadili katikati ya kazi.

Sehemu inayobaki wazi ndiyo ya kupaka krimu. Chagua yenye kinga ya namba 30 (SPF 30) au zaidi, ambayo huzuia kiasi cha asilimia 97 ya mionzi inayounguza, na kibandiko kiseme kwamba inakinga aina zote mbili za mionzi, yaani UVA na UVB, na kwamba inastahimili maji. Kwa mabaka kama yako, iliyotiwa rangi ya udongo ni bora zaidi, kwa sababu rangi hiyo hutokana na madini ya chuma yanayozuia hata mwanga wa kawaida wa jua, ambao nao huyakoleza mabaka. Wengi hupaka kidogo mno, kisha wakailaumu dawa. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili inayojaa urefu wa kidole cha shahada na cha kati, upake robo saa kabla ya kushuka, na urudie kila baada ya saa mbili.

Kuhusu udhu, hukumu nawaachia masheikhe, lakini kwa utaratibu jambo hili ni jepesi. Ukipanda kutoka pwani, nawa kwa sabuni na maji baridi mpaka krimu na chumvi vitoke, utawadhe juu ya ngozi safi, usali adhuhuri, kisha kama unarudi juani upake upya. Wakati huo muda wa kupaka tena huwa umeshafika. Mikono iliyopasuka ipake mafuta ya mgando ingali na unyevu, mara tu baada ya kuisuuza, kwa sababu chumvi inayokaukia mwilini ndiyo inayoikausha ngozi.

Krimu ile isiyo na maandishi nakuomba kwa dhati usiiguse. Makopo ya namna hiyo huweza kuwa na zebaki, ambayo hudhuru figo, au haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, au dawa kali za kundi la steroidi. Uso hung'aa kwa wiki chache, watu wakakusifu, kisha ngozi ikawa nyembamba na mabaka yakarudi yakiwa meusi kuliko mwanzo. Mtu anayefanya kazi juani huharibika upesi zaidi. Zipo dawa halali za kupunguza mabaka, lakini hutolewa na daktari wa ngozi, kwa kipimo na kwa muda maalumu, na hata hizo hazifui dafu kwa mtu asiyejikinga na jua.

Bibi wa Ng'ambo, Unguja:

Mwanangu, mfamasia amekwisha kusema, nami naongeza kuhusu hiyo ndimu, kwa kuwa ilinifika mwilini mwangu. Nilipokuwa kijana nilikaa uani mchana wa Kaskazi nikipasua na kukamua ndimu za achari, na maji yakanichuruzika hadi viwikoni bila ya mimi kujali. Siku ya pili mikono ilikuwa myekundu na inaungua, kisha ikatoka malengelenge kama niliyemwagikiwa na maji ya moto, na yalipopoa yaliacha michirizi myeusi iliyokaa miezi. Watu walidhani nimerogwa. Baadaye daktari alinieleza kwamba ndimu ina kitu ambacho, kikiwa juu ya ngozi na kikapigwa na jua, huiunguza. Basi usijipake ndimu usoni kisha ukashuka pwani, hata kama aliyekushauri anakupenda.

Liwa, yaani msandali, na singo ya kusugulia mwili mimi siviachi, wala sitaki mtu adhani kwamba navipiga vita. Liwa iliyosagwa kwenye jiwe kwa marashi hupoza uso uliochoka kwa joto, na wenzetu wa Ngazija hutembea nayo mchana kutwa. Lakini tusiipe kazi isiyokuwa yake, kwani kupoza uso si kuukinga na jua. Ipake jioni ukisharudi. Singo nayo usiisugue juu ya ngozi iliyoungua au iliyopasuka, maana karafuu huwasha penye jeraha. Hali kadhalika mafuta ya nazi, ambayo hulainisha vizuri usiku, lakini kinga yake dhidi ya jua ni ndogo mno.

Baba wa watoto wawili, Mkoani:

Asalaam aleikum nyote. Mwanangu wa pili ana ualbino, kwa hiyo katika nyumba yetu jambo hili halina likizo. Mikono mirefu, pama, miwani ya jua na krimu ni vya kila siku, hata siku ya mawingu, kwa sababu wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi. Wengine huenda hawajui kwamba krimu ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino hutengenezwa hapa hapa Tanzania, kule Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, nayo hugawiwa kupitia kliniki. Mzazi mwenye mtoto kama wangu aulize hospitalini kabla ya kukata tamaa kwa sababu ya bei ya dukani.

Dada, usisahau midomo, masikio na kisogo. Na kwa yeyote anayesoma hapa, kidonda au kigaga kilicho mahali panapopigwa na jua kikipita mwezi bila ya kupona, kipelekwe kwa daktari, kisipakwe dawa za kubahatisha.

Mkulima wa mwani, Kiuyu, Pemba:

Ahsanteni sana, na wewe bibi, shikamoo. Nimeshona mtandio kutokana na kitambaa cha shuka la kaniki lililobaki nyumbani, unafunika pua na mashavu na kufungwa nyuma, na nimeshona mwingine wa kubadili. Krimu ya jirani nimemrudishia, na nimemwonyesha maneno yenu, naye amenyamaza kwa muda mrefu kisha akaniuliza yeye aache vipi, maana anaitumia tangu mwaka jana. Nimwambie nini? Na chupa ya krimu ya jua, naweza kuiweka katika ndoo ninayoshuka nayo pwani?

Mfamasia, Chake Chake:

Chupa usiiache ndani ya ndoo juani, kwani joto huiharibu dawa. Izungushie kitambaa na uiweke kivulini. Jirani yako mwambie asiiache krimu ile ghafla bila ya kuonwa na mtu, kwa sababu ikiwa ina steroidi uso unaweza kuvimba na kuwaka akikata mara moja. Aende hospitali na kopo lenyewe, asiogope kulionyesha, na akipenda afike dukani kwangu Jumatatu asubuhi nimsindikize kwa daktari.