Niko Istanbul, nimebakiwa na siku mbili: makanisa gani ya zamani nisiyakose?

Marobota: Wakuu, heshima kwenu. Nimekuja kufunga mzigo wa nguo, nimefikia mtaa wa Laleli. Nilikuwa nirudi Dar leo, nikasogeza safari hadi Jumatatu. Konstantinopoli, yaani Istanbul ya zamani, nimeisoma tangu sekondari, halafu nije nilale humo na kuiacha hivi hivi? Jana niliingia Ayasofya, lile kanisa kuu la zamani ambalo sasa ni msikiti, bure kabisa, nikasimama mbele ya ile picha ya vijiwe ya Yesu, Bikira Maria na Yohana Mbatizaji. Nusu ya chini imebanduka, ila uso ule unakutazama. Nishaurini niende wapi tena, moyo hautulii.

Fungakazi: Moyo hautulii kwa sababu ya makanisa? Kuna kitu hujasema.

Tofali Jekundu: Nenda Kariye, zamani Kanisa la Chora, karibu na ukuta wa mji kule Edirnekapı. Picha zake ni za 1315 hadi 1321, mgharamiaji ni Theodore Metochites, waziri wa kaisari. Yumo juu ya mlango, amepiga magoti na kilemba kikubwa kama kapu, anamkabidhi Kristo kanisa. Kisha ingia kikanisa cha pembeni: Kristo kawashika Adamu na Hawa mikono, anawang'oa makaburini. Hapo nilikaa saa nzima.

Mama Tumaini: Si imerudishwa kuwa msikiti? Watu wanaswali, nyie mnapiga picha! Mimi Kairo, kwenye Kanisa la Kuning'inia, nilikodolea ubani mpaka basi la mahujaji likaniacha. Nilirudi hotelini kwa bodaboda ya Kimisri.

Sharifu wa Tanga: Mama, Kariye imefunguliwa kwa ibada 2024 na wageni bado wanaingia. Wavae heshima tu.

Fungakazi: Narudi kwa mleta uzi. Kubadili tiketi ni hela. Umelipa na nini?

Marobota: Akiba.

Fungakazi: Ya nani?

Marobota: Haya. Kuna dada watatu wa Kariakoo walinipa dola 2,800 niwanunulie magauni. Nimegusa 310 tu, nitafidia kwenye faida yangu. Tiketi imeshabadilishwa, tusirudi huko. Nimeomba ushauri wa makanisa.

Kijiko: Yuda naye ndiye aliyekuwa anashika mfuko 😂

Mama Tumaini: Mwanangu, mtaji wa watu ni moto. Rudi nyumbani.

Sharifu wa Tanga: Subirini kwanza. Picha hiyo ya Ayasofya iko roshani ya juu, na tangu 2024 mgeni analipa euro 25 kupanda. Huyu kasema aliingia bure. Hii chai, tena ya maziwa.

Kijiko: Kumbe! Hata dada watatu hawapo. Yuko Mbagala anatafuna mihogo.

Marobota: Nililipa. Ningeandika euro 25 mngeuliza zimetoka wapi.

Fungakazi: Kwa hiyo si 310 tena.

Tofali Jekundu: Mwacheni. Kaka, usitumie hata senti nyingine. Hapo hapo Laleli tafuta msikiti wa Bodrum Camii. Lilikuwa kanisa la ikulu ya Romanos Lekapenos, kaisari wa Konstantinopoli; mkewe Theodora alizikwa humo 922, naye akazikwa huko 948. Ukikuta hawaswali unaingia, hulipi.

Marobota: Nimetoka huko sasa hivi. Aisee. Siku nne nimepita nyuma yake na toroli nikidhani ni ghala! Ukuta una nusu-nguzo za matofali, zimevimba kama mgongo wa mtu aliyebeba gunia. Nimevua viatu, nimeingia. Ndani hakuna picha hata moja, palishaungua. Mzee mmoja alikuwa anakunja zulia, akaniachia nikae. Nilipokuwa humo dada mmoja kapiga mara tatu, sijapokea.

Mama Tumaini: Pokea!

Marobota: Nampigia jioni. Kwanza nimalize Kariye.

Kijiko: Mkuu, ukiwa bado hapo, jinzi za jumla dazeni wanauzaje?