Nani anapanda Meru?

Kitindamimba: Shikamooni wakubwa. Mjomba, tumeamua kupanda Mlima Meru mwezi ujao, vijana watatu. Tunataka siku 3 badala ya 4, tuokoe ada ya hifadhi.

Mjomba Arusha: Marahaba. Siku 3 watu wanapanda. Ila mnaondoka Saddle Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, usiku wa manane, mita 3,570, mnafika kileleni 4,566, halafu mnashuka mpaka geti la Momella siku hiyohiyo. Magoti yatawatukana.

Dada: Kwani Meru si mlima mdogo? Si wa kupashia misuli kabla ya Kilimanjaro?

Mjomba Arusha: 😂 Mdogo kwa mita tu. Ukipita sehemu inaitwa Rhino Point, juu ya Saddle Hut, kuna mwamba unaukamata kwa mikono, na kukiwa na barafu unateleza. Baada ya hapo ni ukingo mwembamba, upande mmoja korongo la kreta, lile shimo la volkano. Majivu nayo, hatua mbili mbele, moja inarudi nyuma.

Bibi: Na simba je

Mjomba Arusha: Shikamoo mama. Wa kuogopa kule ni nyati. Ndiyo maana askari wa hifadhi anaongozana nao na bunduki.

Bibi: Marahaba. Bunduki tena. Mlima gani huo

Mama Mdogo: Samahani kukatisha mada. Michango ya sendofu mwisho Ijumaa. Orodha naibandika humu, asiyetoa ataonekana.

Kitindamimba: Nimeona mamdogo 🙏 Mjomba, kichwa kikiuma?

Mjomba Arusha: Kikiuma kidogo, maji na polepole. Ukianza kutapika au kuyumba kama mlevi, unashuka, hakuna mjadala hata kama kilele unakiona. Siku ya pili mkishafika Saddle msilale mchana kutwa, pandeni Little Meru, kilele kidogo cha jirani, mita 3,820, mrudi kulala chini, mwili uzoee. Na chupa ya maji iwekwe kichwa chini, barafu inaanzia juu, mdomo usizibe.

Dada: Hiyo sikuijua

Mjomba Arusha: Mkiwahi mapambazuko mtaona Kilimanjaro jua linatokea kando yake, na chini yenu kile kilima cha majivu katikati ya kreta. Hapo hata mgumu aliyepanda mara mia anasimama.

Kitindamimba: Basi siku 4. Nani ana jaketi zito?

Dada: Ninalo. Zipu mbovu, kalitengeneze wewe.

Bibi: Na soksi za sufu