Mtoto ana akili lakini shule inataka akariri darasa la nne (Arusha). Naomba ushauri

MamaViatu_Kilombero
Wanajamvi habari za jioni, wakubwa shikamooni. Mwenye kejeli apite tu, leo sina nguvu.

Mimi ni Mpare, nimeolewa na Mmasai, tunaishi hapa Arusha. Tangu mwaka jana tunakaa na mtoto wa shemeji yangu kutoka Simanjiro. Kwao ni Kimasai mtindo mmoja, Kiswahili alikikutia darasani. Baba yake alikuwa mgumu kumwachia kwa sababu ndiye anayemtegemea machungani.

Ninauza viatu vya mitumba soko la Kilombero. Belo likifunguliwa viatu vinakuwa vimevurugika, mimi na msaidizi wangu tunatafuta jozi mpaka kiuno kinakataa. Huyu mtoto anazunguka lile rundo mara moja, mikono nyuma, kisha anaanza: "Mwenzake huyu yuko chini ya buti la kahawia. Hiki hakina mwenzake, mama mdogo, usihangaike." Tukipekua, kweli hakina. Mume wangu hashangai. Anasema kwao ng'ombe wakirudi jioni mtoto hawahesabu, anawatazama tu anakwambia yule mwenye baka tumboni hayupo.

Sasa shule. Yuko la tano. Hesabu anaandika jibu bila njia, mwalimu akasema anaibia. Wakamkalisha peke yake, majibu yakawa yaleyale. Insha anatoa mistari mitatu. Akiulizwa swali mbele ya darasa anainama kimya. Nimeitwa nikaambiwa ni mzito, hajiamini, arudi la nne. Mume wangu anataka tumhamishie inglishi midiamu. Nyie mnaonaje?

Chalii_wa_Sakina
Dada, mhamishe. Huko kayumba, shule za serikali, darasa limejaa, mwalimu atamjulia wapi? Akipata Kiingereza mapema amemaliza.

MwalimuMstaafu_Moshi
Marahaba mama. Nimefundisha shule za msingi Kilimanjaro na Manyara mpaka nimestaafu, watoto wa namna hii nimewapata, na wengine tumewapoteza hivihivi.

Asikariri. Anayekariri ni yule ambaye somo limempita. Huyu somo analo, anachopungukiwa ni Kiswahili cha kulielezea, na kurudia mada za la nne hakumpi Kiswahili hicho, kunampa uvivu na aibu. Inglishi midiamu nayo ni kumrundikia lugha ya tatu wakati ya pili haijakaa. Kiingereza cha kusomea atakikuta kidato cha kwanza pamoja na wenzake wote wa shule za serikali.

Lakini Kiswahili msikipuuze, maana ndicho kitakachomfungulia mlango. Shule za vipaji maalumu tunazo: Ilboru hapo kwenu, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, na wasichana wana Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana. Zote zinaangalia matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hakuna afisa atakayekuja Kilombero kumtazama akipanga viatu. Kwangu huo ni upungufu mkubwa, ila ndio utaratibu uliopo.

Ukienda shuleni usibishane kama ana akili au hana. Omba apimwe kwa namna nyingine: asomewe maswali ya hesabu, aeleze kwa mdomo. Halafu afundishwe kitu kipya kabisa, apimwe tena palepale. Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Sternberg, na wenzake walifanya hivyo kwa watoto wa Bagamoyo, utafiti ukachapishwa 2002. Watoto walipewa mafumbo, wakaelekezwa kwa muda mfupi namna ya kuyatatua, wakarudia. Alama zilipanda, na zile za mara ya pili ndizo zilizoonyesha vizuri zaidi uwezo wa mtoto. Mtihani wa mara moja unapima pia alichowahi kufundishwa.

Na huyo anayesema "anaibia" mtajie Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba kule Lushoto, aliona maziwa ya aiskrimu yaliyowekwa moto yameganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu akamcheka. Baadaye alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, na Osborne akaenda kujaribu. Makala yao ilitoka 1969, wakati huo Mpemba yuko chuo cha wanyamapori Mweka, hapa juu yetu. Wanafizikia bado wanabishana.

Kijana_wa_Longido
Mama, kuinama si kutojiamini. Kwetu mtoto anamsogezea mkubwa kichwa ashikwe, ndiyo shikamoo. Anayemkazia mzee macho na kurukia majibu mbele ya watu hana adabu. Mimi la pili nilikula fimbo kwa kutojibu, na nyumbani ningekula kwa kujibu. Mwambie mwalimu amwite mezani amuulize taratibu, ataongea.

Kuhusu njia ya hesabu, mumeo ndiye tuisheni yenyewe. Jioni amuulize kwa Kimasai amefikaje hapo. Akishamwaga yote, wakae waandike hatua moja moja kwa Kiswahili. Kimasai kisikatazwe nyumbani, ndicho anachofikiria nacho. Mtengenezeeni na enkeshui, bao letu. Na baba yake apigiwe simu aelezwe maendeleo, asije akasikia habari ya kukariri akamrudisha machungani.

MamaViatu_Kilombero
Mungu awabariki. Mume wangu amesoma hiyo ya fimbo mbili amecheka mpaka majirani wamesikia, anasema hata yeye. Chalii wa Sakina, ada ya huko ni mtaji wangu mzima, acha tu.

Jumatatu naenda kwa mwalimu mkuu, na mume wangu anaongozana nami. Mwalimu, hayo mafumbo yananunuliwa wapi?

MwalimuMstaafu_Moshi
Usinunue. Chukua daftari, chora maumbo safu tatu, kila safu matatu: duara tupu, duara lenye nusu nyeusi, duara jeusi lote. Safu ya pili fanya hivyo kwa pembetatu, ya tatu kwa mraba, lile la mwisho kabisa acha wazi. Achore kinachokosekana. Likimshinda mweleze, kisha mpe jingine gumu zaidi. Andika tarehe kila ukurasa, na Jumatatu nenda na daftari hilo pamoja na madaftari yake ya hesabu.