Faulo ya mshambuliaji: kipimo cha robo ya kwanza na cha robo ya nne

Swali
Wadau, ninachezesha mpira wa kikapu ngazi ya mkoa. Juzi nilipuliza faulo ya mshambuliaji (kosa la mwenye mpira kumgonga mlinzi) mara mbili katika robo ya kwanza, kisha katika robo ya nne tukio linalofanana nikampa kosa mlinzi, na kocha akanihoji, kwa haki kabisa. Mnatumia kipimo gani ili maamuzi yasiyumbe?

Jibu la kwanza
Ndugu, mtazame mlinzi kabla ya mgongano, si mwenye mpira. Kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinamtaka mlinzi amkabili mpinzani na akanyage sakafu kwa miguu yote miwili anapochukua nafasi yake; akishaichukua, anaruhusiwa kusogea kando au nyuma, hata kuruka wima ndani ya silinda yake, yaani eneo la kufikirika linalouzunguka mwili wake. Wengi wetu hukosea hapo, tukidhani kwamba mlinzi asiyesimama kama mlingoti ana hatia. Ila mshambuliaji akiwa ameshapaa, mlinzi anayeingia njiani kwa kuchelewa ndiye mwenye kosa.

Jibu la pili
Nakubali, lakini usisahau nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 1.25 chini ya kikapu. Mshambuliaji aliyeruka akimgonga mlinzi aliyemo humo, hapulizwi faulo, isipokuwa ametumia mkono, mguu au mwili isivyo halali.

Mwuliza swali
Asanteni. Nakiri kwamba ile ya robo ya nne niliipuliza kwa kelele za jukwaa. Mlinzi alikuwa amewahi.