Mbuni haruki, rizona imegoma, naombeni ushauri wakuu

mwana_serengeti: Habari zenu wakuu. Natengeneza ontolojia (maarifa yaliyoandikwa ili kompyuta itoe hitimisho) ya ndege wa mbugani kwa OWL, lugha ya kuandikia ontolojia, ndani ya programu ya Protégé, ndo projekti yangu ya mwaka wa mwisho. Niliandika kila Ndege anaruka, mambo yakaenda freshi mpaka nilipofika kwa mbuni nikaandika haruki, HermiT, yaani rizona yangu (programu inayotoa hitimisho na kukagua migongano), ikaipaka klasi (kundi) ya Mbuni rangi nyekundu. Nikasema potelea mbali, nikamwingiza na mbuni mmoja nikamwita Mbuni_01, weee, sasa ontolojia nzima haijibu hata swali moja. Supavaiza anasema nimtoe mbuni tu, ila Serengeti bila mbuni si utani huo? Nifanyeje?

Fundi Mantiki: Dogo hayo ni mawili, usiyachanganye. Klasi nyekundu maana yake hakuna kitu kinachoweza kuwa mbuni, ontolojia yenyewe bado nzima. Ulipomwingiza Mbuni_01 ndo umesema kisichowezekana kipo, na kwenye mantiki ya kawaida ukishakuwa na mgongano mmoja unathibitisha chochote, hata kwamba kunguru ni daladala. Mtoe kwanza, washa rizona upya, bonyeza alama ya kuuliza pembeni ya hitimisho uone sentensi zipi zinagombana.

bint_data: Zitakazogombana zinajulikana, mchawi ni hilo neno "kila". OWL haina "kwa kawaida", ukiongeza habari mpya hitimisho la zamani halifutiki. Mtafiti wa mantiki Ray Reiter alilishughulikia hilo 1980, kama ni ndege na hakuna kinachopinga, chukulia anaruka. Kwenye clingo, programu ya mantiki inayoruhusu hilo, ni mistari miwili (":-" ni "ikiwa", "-" ni "si kweli", "not" ni "haijathibitika"):

anaruka(X) :- ndege(X), not -anaruka(X).
-anaruka(X) :- mbuni(X).

mwana_serengeti: Asante dada ila nawasilisha Ijumaa, clingo sijawahi hata kuifungua 😭

Fundi Mantiki: Basi baki na OWL, futa ile sentensi ya kila ndege anaruka, tengeneza klasi ya NdegeArukaye chini ya Ndege, kunguru na tai humo, mbuni abaki nje na sentensi yake ya haruki. Hasara yake ukimwingiza ndege mpya bila kusema ni wa aina gani, rizona haitakwambia anaruka wala haruki.

bint_data: Na tai aliyevunjika bawa? Utarudi pale pale na Tai_01 wako.

mwana_serengeti: Dah. Huyo simwingizi mpaka Jumamosi.